Sala ya Kutubu na hatua sita za kihamba

Sala ya Kutubu nilifundishwa na katekista wa kigango chetu, kanisa dogo lililo chini ya parokia, tulipokuwa tukijiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Yeye anatangulia, sisi tunafuatisha: "Mungu wangu, nimetubu sana…" Aliyekosea neno moja alirudishwa mwanzo. Sala inakaribia mwisho kwa maneno "nitafanya kitubio, naomba neema yako nipate kurudi", na sisi watoto tuliamini kabisa kwamba huko ni kurudi nyumbani, kwa sababu ukishaitamka vizuri ndipo uliporuhusiwa kuondoka.

Nimeisali tangu hapo, kila usiku kabla ya kulala na kila nilipopiga magoti mbele ya padri. Kwa miaka tisa niliisali nikiwa na deni ambalo sikukusudia kulilipa. Nataka kusimulia miaka hiyo tisa kwa ajili ya mtu ambaye huenda anasali hivyo hivyo leo.

Kwetu ni Uchaggani, juu kidogo ya Moshi mjini. Huko kihamba ni shamba la ukoo la migomba na kahawa, na mpaka wa kihamba na kihamba haujengewi ukuta, unapandwa masale. Ni mmea mwembamba wa majani marefu ya kijani. Ukiukata unachipua, na tawi lake ukilichomeka kwenye udongo wenye unyevu linashika. Na ni mmea huo huo tunaoutumia kuombana msamaha. Mtu akija kwako na jani la isale mkononi, akaliweka mbele yako, ni vigumu sana kumkatalia, hata kama alikuumiza kiasi gani. Mtoto wa Kichaga anakua akijua kwamba masale hayachezewi. Mimi pia nilijua, na mwezi wa Desemba mwaka 2014 niliyang'oa.

Nilikuwa najenga. Baba alikuwa amefariki, kihamba kimekuja kwangu, na nyumba mpya ilikaa vibaya: gari likiingia halina pa kugeuzia. Upande wa juu tulipakana na kihamba cha baba mdogo, ambaye alifariki zamani, akabaki mama mdogo na mjukuu wake mmoja. Mama mdogo alikwenda msibani kwao Rombo, akakaa siku tatu. Jioni ya siku ya pili nilichukua vibarua wawili, tukayang'oa masale na kuyapanda upya hatua sita ndani ya shamba lake. Katika kipande kile kulikuwa na migomba na mibuni kumi na moja. Mibuni saba niliikata ili gari lipite.

Aliporudi alisimama pale muda mrefu, mtandio wa msiba ukiwa bado begani. Akaniuliza, "Mwanangu, masale yamehama?" Nikamjibu, "Mama mdogo, mbona yako pale pale alipoyapanda baba?"

Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Tuliitwa, tukakaa kwenye mabenchi, wazee wakiwepo. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: kutoka kaburi la mumewe hadi kwenye masale zilikuwa hatua ishirini na mbili, na sasa ni kumi na sita. Alikuwa akizihesabu kila asubuhi anapokwenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi nilisimama nikaapa kwa kaburi la baba yangu. Nilikuwa mtu wa Dar es Salaam, nina gari, nimechangia ujenzi wa kanisa la kigango. Waliniamini. Mzee mmoja akasema kwa upole kwamba umri umeanza kumchanganya mama, asilaumiwe. Maneno hayo yalishika kuliko masale. Kuanzia siku ile, akisema lolote kijijini, watu walitazamana.

Nami niliendelea kuungama. Hili ndilo linalonitisha hadi leo ninapoliwaza: sikuacha. Kabla ya Noeli na katika Juma Kuu nilikuwa kwenye mstari wa maungamo pamoja na wengine. Nilikuwa nasema, "Padri, nimesema uongo, nimekuwa na hasira, nimeacha sala za asubuhi." Moyoni nilijiambia kwamba ule uongo wa kwa balozi umo humo humo ndani ya "nimesema uongo". Nilikuwa nimelitafuta neno pana, nikaifunika nalo dhambi yangu. Padri alinipa Salamu Maria tatu au fungu moja la rozari, nikazisali pale pale kwenye benchi, nikatoka mwepesi.

Zaidi ya hayo nilikuwa nimejipatia andiko la kujifichia. Katika Zaburi ya 51 Daudi anasema, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Niliupenda mno mstari huo. Niliuelewa hivi: jambo hili ni langu na Mungu, tumeshalizungumza, watu hawahusiki.

Kila Noeli tulipanda nyumbani, kama Wachaga wote. Kanisani mama mdogo alikaa upande wa wanawake, benchi la tatu kutoka mbele, na kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Misa inaanza, tunasema pamoja: "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu, kwani nimekosa mno, kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu." Tunajipiga kifua mara tatu. Kisha tunamalizia kwa kuwaomba Bikira Maria, Malaika na Watakatifu wote, "nanyi ndugu zangu, mniombee kwa Bwana Mungu wetu". Hebu fikiri. Mara tisa nilisimama hatua chache kutoka kwa yule mwanamke, nikamwambia kwa sauti kwamba nimemkosea, nikamwomba aniombee, na wala sikusikia nilichosema. Wakati wa kutakiana amani nilimpa mkono. Naye alinipa wake, mkavu, mwepesi, akautoa haraka.

Dar es Salaam nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo. Ijumaa za Kwaresima tulikusanyika kwa Rozari ya Huruma ya Mungu, ile aliyoiandika Mtakatifu Faustina, mtawa wa Poland, akiwa Vilnius mwaka 1935. Nimeiongoza mara nyingi sana. "Baba wa milele, ninakutolea Mwili na Damu, Roho na Umungu wa Mwanao mpenzi sana, Bwana wetu Yesu Kristo, kwa kulipia dhambi zetu na dunia nzima." Sala hiyo ni ya malipizi waziwazi, inasema "kulipia". Nami niliombea dunia nzima kwa machozi ya kweli kabisa, vita vya huku na kule, watoto wanaouawa kabla ya kuzaliwa, walevi wa mtaani kwetu. Sikuwa naigiza. Moyo wa mtu unaweza kuilipia dunia nzima ukaruka hatua sita.

Kilichonivunja hakikuwa ugonjwa wala ndoto. Ilikuwa semina ya Kwaresima ya mwaka 2023, siku ya pili, mchana wa joto, watu wengine wakisinzia. Padri mzee aliyestaafu alikuwa anarudia mambo tuliyoyajua tangu mafundisho ya Komunyo: ili kupokea vema Sakramenti ya Kitubio unatafuta dhambi zako, unazijutia, unakusudia kuziacha, unaziungama, unafanya malipizi. Manne ya kwanza aliyapitia upesi. Kwenye malipizi akavua miwani. Alitusomea Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inayosema kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na mtu hana budi kufanya yote yanayowezekana kurekebisha: kurudisha vilivyoibwa, kumrudishia jina jema aliyesingiziwa, kufidia majeraha. Ondoleo la padri linaondoa dhambi, akasema, lakini halitengenezi yote yaliyoharibika. Halafu akaongeza jambo ambalo katekista wetu alitufundisha, nami nikalizika mahali: anayeficha kwa makusudi dhambi ya mauti katika kuungama, maungamo yake yote ni batili. Aliyesahau kwa bahati mbaya asiogope, amesamehewa pamoja na nyingine. Aliyeficha, hapana.

Nilihesabu. Miaka tisa, kila mwaka mara mbili. Na Komunyo za kila Jumapili juu yake.

Niliogopa, sitasema uongo tena hapa. Woga ule haukuwa mapendo. Baadaye nilijifunza kwamba Kanisa linatofautisha majuto kamili, yatokanayo na kumpenda Mungu kuliko vyote, na majuto yasiyo kamili, yatokanayo na kuona ubaya wa dhambi au kuogopa adhabu, na kwamba hata hayo ya pili ni zawadi ya Mungu na yanatosha kukufikisha kwenye sakramenti. Ninawaambia wanaosubiri kwanza moyo uchomeke kwa upendo ndipo waende: nendeni hivyo hivyo na woga wenu.

Padri hawezi kusimulia maungamo ya mtu, hata kwa upanga. Lakini haya ni maungamo yangu mwenyewe, naweza kusema kidogo. Nilianza kwa maneno mapana kama kawaida: "Nimemdhulumu ndugu yangu katika mambo ya ardhi." Padri hakunikaripia. Aliuliza tu, "Hatua ngapi?"

Nilikaa kimya. Swali lile halikuwa na pa kukimbilia. Nikasema, sita. Akauliza mibuni, nikasema kumi na moja, saba nimekata. Akauliza kama kuna mtu aliyeumia kwa maneno yangu, nikamweleza ya balozi. Kisha tukarudi nyuma mwaka hadi mwaka, maungamo ya jumla ya miaka yote tisa, kadiri nilivyokumbuka. Nilipomaliza nilimuuliza, kitubio changu ni kurudisha shamba? Akanijibu jambo ambalo sitalisahau: "Hapana. Kurudisha si kitubio ninachokupa mimi. Hilo ni deni lako, lilikuwapo kabla hujaingia humu. Unakusudia kulilipa?" Nikasema nakusudia. Akanipa kitubio: Zaburi ya 51, siku saba. Nikasali Sala ya Kutubu, nikainamisha kichwa, akanyoosha mkono: nami nakuondolea dhambi zako, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Siku ya tatu ya kitubio macho yangu yalitua kwenye maandishi madogo yaliyo juu ya zaburi, ambayo siku zote nilikuwa nayaruka. Yanasema ni zaburi ya Daudi, wakati nabii Nathani alipomwendea. Nikafungua Samweli wa pili, sura ya 12. Nathani anamsimulia mfalme habari ya tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja tu. Daudi anawaka hasira, anahukumu: tajiri huyo atamrudisha mwana-kondoo mara nne. Nathani anamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Ndipo ikaja zaburi. Kumbe yule aliyeandika "Wewe peke yako" alikuwa ameshatamka kwa kinywa chake kwamba kilichochukuliwa kinarudishwa mara nne. Na Zakayo wa Luka 19 anapoteremka mtini anataja hesabu ile ile, mara nne, kabla Yesu hajamwambia kwamba wokovu umefika nyumbani mwake. Maficho yangu ya miaka yote yaliishia hapo, kwenye mistari midogo ambayo nilikuwa siisomi.

Pasaka ilikuwa tarehe 9 Aprili. Siku nne baadaye nilipanda basi la kwenda nyumbani, katika kituo cha Mbezi, Dar es Salaam. Mke wangu aliniunga mkono baada ya kulia. Kaka zangu wawili hawakuniunga mkono, na mmoja hadi leo anasema nimewaaibisha marehemu. Hayo niyaache.

Masika yalikuwa yamekolea, njia ya kijijini ni utelezi mtupu. Nilimwomba shangazi anisindikize, kwani kwa jambo kama hili huendi peke yako. Nilikata jani la isale kutoka mpakani, kwenye masale yale yale niliyoyahamisha, nikalifunga fundo.

Mama mdogo alikuwa barazani anapukuchua maharage. Alitukaribisha, akatutolea viti, akaendelea na maharage yake. Nilipiga magoti, nikaliweka jani kando ya ungo. Nikasema yote: jioni ile, vibarua wawili, hatua sita, kiapo. Vidole vyake havikusimama. Maganda yalikuwa yanaanguka upande mmoja, punje upande mwingine. Shangazi alianza kulia, yeye hakulia. Nilipomaliza alisema, "Mibuni ile aliipanda baba yako mdogo mwaka tuliooana."

Nikatoa bahasha. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kahawa na ndizi za miaka tisa kwa msaada wa daftari la kijana anayetunza shamba, ikafika laki sita. Aliipokea, akazihesabu noti moja moja, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Sijui kwa nini nilikuwa nimetegemea azikatae. Nadhani nilitaka anikatalie ili nijione nimesamehewa kwa bei nafuu. Zilikuwa zake.

Halafu akalitazama jani. Hakuligusa. Akasema, "Shamba nimesikia. Na ile ya kuchanganyikiwa?"

Nilikuwa sijaifikiria. Katika miaka tisa nilikuwa nimeona kosa la amri ya saba tu, usiibe, na lile la nane, kumshuhudia jirani uongo, niliona kama kamba tu niliyoitumia kuvutia shamba. Kwake yeye shamba ndilo lililokuwa dogo. Aliishi miaka tisa bila kuaminiwa: akisema mbuzi wa fulani ameingia kwenye mahindi, wanamtuma mtoto akahakikishe.

Jumamosi yake nilikwenda kwenye jumuiya ya pale nyumbani. Baada ya Injili kushirikishwa niliomba nafasi. Balozi wa wakati ule alikuwepo, na yule mzee mpole pia, amezeeka sana. Nilisema kwamba mwaka 2014 mama mdogo alisema kweli, kwamba hatua zilikuwa ishirini na mbili, na kwamba aliyeapa uongo ni mimi. Nilikuwa nimeongoza sala mbele za watu maelfu ya mara, na sijawahi kuona maneno mazito kuyatoa mdomoni kama yale. Hakuna aliyepiga makofi, namshukuru Mungu. Yule mzee alisimama kwa fimbo, akamwendea mama mdogo, akamwambia kwa Kichaga maneno ambayo ni yake na yeye. Mama mdogo aliporudi nyumbani alilichukua jani la isale pale barazani, limeshaanza kunyauka, akaliingiza ndani.

Jumatatu tulipanda masale. Yeye mwenyewe ndiye aliyepima. Alisimama penye msalaba wa kaburi la mumewe, akahesabu hatua zake ishirini na mbili, akasimama. Lakini hatua za mama wa miaka ile si za leo. Alikuwa amepungukiwa. Mimi nilipajua mahali penyewe kwa sababu visiki vya masale ya zamani vilikuwa bado vinachipua chini ya majani ya migomba, kila mwaka nilikuwa nikiviagiza vikatwe. Nikamwambia, "Mama mdogo, songa bado. Ilikuwa mbele zaidi." Alinitazama, mara ya kwanza usoni tangu nifike. Akaongeza hatua moja. Nikasema bado. Akaongeza nyingine. Pale ndipo nilipochomeka tawi la kwanza.

Ukuta wa geti niliubomoa. Gari sasa linaingia kinyumenyume. Tulipanda miche kumi na moja ya mibuni, na Noeli iliyopita mitatu ilikuwa na maua meupe.

Sala ya Kutubu bado naisali kila usiku. Nikifika "nitafanya kitubio" nasimama kidogo, nataja jina la mtu na kitu chenyewe, na kama sina la kutaja namshukuru Mungu, naendelea. Komunyo ya kwanza baada ya maungamo yale niliipokea nikitetemeka kuliko ile ya utotoni.

Sisi na mama mdogo hatujawa marafiki wa kucheka pamoja. Ananiletea kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, tukifika Desemba, namletea sukari na unga. Lakini asubuhi nikiamka mapema namwona kupitia dirishani, panga mkononi, anatoka kaburini kuelekea kwenye masale, na midomo inacheza. Anakwenda polepole hadi kwenye jani la mwisho, analigusa, ishirini na tatu, ishirini na nne, kisha anageuka kwenda kumkatia ng'ombe.